Moyo wa kusaidia hautoshi, jifunze pia kuendesha shirika

Huenda kisa hiki unakijua. Wewe na marafiki wawili mnaanza kufunza watoto wa mtaa kila Jumamosi kwenye ukumbi wa kanisa. Huyu analeta vitabu, yule unga wa uji. Picha zinasambaa mitandaoni, mfadhili anajitokeza. Hela zinaingia kwa M-Pesa yako kwa sababu wewe ndiye mwenyekiti. Mwaka wa tatu unapata kazi Nakuru, mfadhili anaitisha hesabu, risiti hazipo. Darasa linafungwa. Watoto 40 wanarudi kuzurura.

Hakuna aliyeiba. Ni vile tu hakuna aliyewahi kuwafunza kuendesha kikundi.

Zamani ungeponea. Siku hizi mambo yamebadilika. Januari 2025 Marekani ilisitisha misaada yake ya nje, na kufikia Julai mwaka huo shirika la USAID lilikuwa limefungwa rasmi. Chapaa ikipungua, wafadhili waliobaki huchagua wenye vitabu safi. Sheria nayo imekaza kamba. Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ilipitishwa 2013 lakini ikaanza kutumika Mei 2024. Vikundi vidogo vya mtaani navyo vina sheria yao ya usajili ya 2022.

Kwa hivyo mafunzo ya uongozi si anasa ya mashirika makubwa. Shida ni kwamba mengi ni warsha ya siku mbili hotelini: chakula, cheti, picha ya pamoja, kisha kila mtu kwao. Uongozi hauingii hivyo.

Tazama Mathare. Tangu 1987, chama cha michezo cha vijana cha MYSA kimelea viongozi kwa kuwapa kazi. Kijana anayefunza timu au kuchezesha mechi hupata pointi, na pointi hizo zinaweza kugeuka kuwa karo yake. Anajifunza uongozi akiongoza, na shule anabaki. Kibera nako, Kennedy Odede alianzisha SHOFCO mwaka 2004 akiwa kijana wa mtaa. Shule yao ya wasichana ilifunguliwa 2009. Leo SHOFCO ni kubwa kuliko mtu mmoja, na hicho ndicho kipimo.

Sasa jiulize maswali manne. Je, hela za kikundi ziko kwa akaunti yenye watia saini zaidi ya mmoja? Kuna mtu kwenye kamati anayeweza kukuambia "hapana" na ukamsikiliza? Unajua ni watoto wangapi wamejua kusoma, ama unahesabu tu waliokuja kunywa uji? Ukihama kesho, nani ana ufunguo?

Wapo watakaosema haya ni ya kuwafurahisha wafadhili. La hasha. Wa kwanza kudai hesabu ni yule mama anayeuza mboga, aliyekuachia mtoto wake akiamini Jumamosi ijayo mlango utakuwa wazi. Mfadhili akiondoka atapata mradi mwingine. Mama huyo hana mtaa mwingine.

Anza na daftari la mapato na matumizi. Liweke mahali wazazi wanaweza kulisoma. Kisha chagua msichana au mvulana mmoja kati ya wale unaofunza, umwonyeshe jinsi linavyojazwa.