Mtoro na Asiyeweza Kusoma Si Mtoto Mmoja

Ukimuuliza mwalimu wa kijiji chochote cha delta ya Rufiji kwa nini mwanafunzi wake wa darasa la nne hajui kusoma, jawabu la kwanza atakalokupa ni utoro. Wala hasemi uongo. Anayetoka Nyamisati kwenda Kiomboni huhesabu saa kwa maji kujaa na kupwa, na mtoto anayevuka kijito kwenda shule huihesabu hivyo hivyo. Msimu wa mpunga ukiingia, familia hufunga virago na kuhamia madunguni, kwenye vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo katikati ya mashamba, na watoto huenda nao ili waamie ndege na kufukuza ngedere na nguruwe. Mpunga haungoji ratiba ya Wizara. Kisha kuna miaka kama 2024, ambapo mafuriko ya Aprili yaliingia mashambani na majumbani katika wilaya za Rufiji na Kibiti, na masomo ya watoto wengi yakakatika.

Kwa kuwa sababu hii ni ya kweli, imegeuka kuwa pazia. Nyuma yake amejificha mtoto mwingine, ambaye huhudhuria kama wenzake, husikiliza kama wenzake, akili yake ni timamu, lakini maandishi hayamkai. Mtoto huyu amechanganywa na watoro, anachapwa pamoja na watoro, na hupewa dawa ya watoro, nayo ni kurudia darasa. Dawa hiyo humfaa aliyekosa somo, kwani sasa atalipata. Yule aliyekuwapo somo likifundishwa hurudishiwa somo lile lile, kwa njia ile ile iliyomshinda, akiwa ameongezeka umri na aibu. Mwaka wa pili wa namna hiyo, aghalabu huonekana kwenye ngalawa akivua, au akibeba boriti za mikoko, na kitabu cha shule huandika jina lake miongoni mwa walioacha kwa utoro. Basi utoro ambao haukuwa chanzo umekuwa mwisho.

Ndugu msomaji, ugumu wa namna hii wa kusoma si jambo lililozuliwa jana. Mwaka 1896 tabibu wa Kiingereza, W. Pringle Morgan, aliandika katika jarida la matabibu wa nchi yake habari za kijana wa miaka 14, hodari wa hesabu na mchangamfu katika michezo, ambaye kwa miaka yote ya kufundishwa hakuweza kusoma isipokuwa maneno mafupi kabisa. Hali hiyo leo huitwa disleksia. Lazima itenganishwe na ulemavu wa akili, ambao humlemea mtoto katika mambo yake karibu yote. Mwenye disleksia aweza kukuhesabia chenji ya samaki bila kalamu na kukupitisha katika vijito vya delta usiku bila kupotea. Kinachomkwaza ni kuunganisha sauti na alama yake.

Wapo wanaodhani kwamba Kiswahili, kwa kuwa huandikwa kama kinavyotamkwa, hakimwachi mtu nyuma. Mwaka 2003 watafiti Katherine Alcock na Damaris Ngorosho walichapisha uchunguzi wa makosa ya tahajia ya wanafunzi wa Kiswahili, wakaonesha kwamba hata katika lugha yenye tahajia iliyonyooka, kujifunza kuandika si kazi nyepesi. Maneno yetu ni marefu. Mtoto anayekwama hushika silabi ya kwanza ya “hawakutusikiliza”, kisha hubuni iliyobaki kwa kuutazama uso wa mwalimu.

Hapa mwalimu wa Kibiti ana kazi ambayo mwenzake wa mjini hana. Watoto wengi huku hukua wakisikia Kindengereko, na kuchanganya “l” na “r” ni jambo la kijiji kizima. Hata jina la Wandengereko lenyewe wengine huliandika Wandengeleko. Mtoto anayeandika “kurara” kwa “kulala” hana ugonjwa wowote, ameandika anavyosikia. Wa kutazamwa ni yule anayefanya makosa ambayo jirani zake hawayafanyi: anageuza “b” kuwa “d”, anadondosha silabi ya katikati, anaandika neno moja kwa namna tatu katika ukurasa mmoja.

Namna ya kumtambua haihitaji mashine. Daftari la mahudhurio lipo. Chukua ndugu wawili, au watoto wa jirani, waliokaa dungu moja na kukosa siku zile zile. Ikiwa mmoja alirudi akashika kusoma baada ya muhula, na mwingine hata herufi zinamponyoka, basi dungu halina hatia. Kabla ya kusema lolote zaidi, macho yake na masikio yake yapimwe, maana sikio linalotoka usaha mwaka mzima humfanya mtoto aonekane mzito ilhali hasikii tu. Na mama aulizwe kuhusu degedege. Huku pwani tumezoea kulihusisha na ndege wa usiku na mashetani, likipita tunashukuru na kulisahau. Utafiti uliofanyika Kampala na kuchapishwa mwaka 2008 ulionesha kwamba takriban mtoto mmoja kati ya wanne walionusurika malaria ya ubongo alikuwa bado na upungufu katika uwezo wa akili, kama vile kumbukumbu au umakini, miaka miwili baadaye. Katika bonde lenye mbu kama letu, swali hilo lina haki ya kuulizwa shuleni.

Shahidi mwingine ambaye shule haimwiti ni mwalimu wa madrasa. Huyo humpata mtoto jioni, mara nyingi kwa miaka mingi mfululizo, na herufi zake zinapima jambo lile lile: ba, ta na tha hutofautishwa kwa nukta tu, kama vile “b”, “d” na “p” zinavyotofautishwa kwa upande zilikogeukia. Lakini madrasa pia yaweza kumficha mtoto. Mwenye sikio kali huhifadhi Juzuu Amma kwa kusikia, kidole chake kikitembea juu ya mistari kana kwamba anasoma, na mwalimu akamsifu. Mfunguliwe ukurasa asioujua, au aanzishwe katikati ya aya, na hali itajulikana papo hapo. Jambo hili lifanyike faragha, wala lisifanyike mbele ya wenzake wenye vicheko. Katika hadithi iliyopokewa na Bibi Aisha, Allah amridhie, na kuthibitishwa na Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) ameahidi ujira maradufu kwa anayeisoma Qur'ani kwa tabu huku akikwama. Sijui ni kwa hoja gani baadhi yetu tumempangia bakora mtu aliyeahidiwa hayo.

Tena chuoni kuna mbinu ambazo shule ingeweza kuziazima. Utaratibu wa zamani wa kuandika ubaoni na kumwacha mtoto afuatishe herufi kwa mkono wake, na ule wa kutamka kila herufi pamoja na irabu yake kabla ya kuunganisha neno, ndio hasa unaomfaa mtoto huyu: jicho, sikio na kidole vifanye kazi kwa pamoja. Mchanga wa Nyamisati na udongo wa mfinyanzi ni vifaa tosha.

Simtwishi mwalimu mzigo wote. Wengi hawakufundishwa kumtambua mtoto huyu. Chuo cha Ualimu cha Patandi, kilichojulikana kwa miaka mingi kwa kuandaa walimu wa elimu maalumu, kiko Arusha, na anayehitimu huko si rahisi kumkuta katika shule ya kisiwani yenye walimu wachache na nyumba chache za kuwalaza. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto mwenye ulemavu haki ya kusoma katika shule ya kawaida na kupewa msaada unaostahili. Taabu ni kwamba haki hudaiwa kwa jina la ulemavu, na wa huyu bado hauna jina kijijini. Asiyeona huonekana, kiziwi hutambulikana, naye huitwa mvivu.

Kwa hiyo mzazi asisubiri mtaalamu avuke maji. Kabla familia haijahamia dunguni, aende shuleni na amchukue mwalimu wa madrasa wafuatane. Aombe mambo mawili: mtoto asirudishwe darasa mpaka hao wawili wamemsikiliza akisoma ukurasa asioujua, na mpaka hapo majaribio aulizwe kwa mdomo, ili ijulikane anachokifahamu. Karatasi ya matokeo ya mazungumzo hayo ibaki kwa mzazi, kwa sababu walimu wa delta huhama, na anayekuja huanza upya na daftari la utoro.