Ikonge: Watu Wengi, Ardhi Ile Ile

Asafiriye kutoka Chebilat kwenda Chabera hupita Ikonge, soko lililo katika vilima vya Nyamira Kaskazini. Hapana alama ionyeshayo mji waishia wapi na mashamba yaanzia wapi. Nyuma ya maduka mna migomba, mahindi na chai, na nyumba zimetapakaa juu ya kila kilima.

Wenyeji wake ni Abagusii wa Mugirango, ambao ndugu zao wengine wakaa mbali, Mugirango Kusini. Wazee husimulia kwamba wahenga walikaa Kano, kisha Kabianga, ambako mazao yalikataa na ng'ombe wakafa. Walipofika vilimani ardhi ilikuwa tele. Vijana walilinda ng'ombe katika kambi ziitwazo ebisarate. Serikali ya Waingereza ilizivunja kambi hizo kabla ya Vita Kuu ya 1914, na malisho yakageuka polepole kuwa mashamba. Baba aliwagawia wanawe, nao wakawagawia wao.

Mwaka 2019 Kaunti ya Nyamira ilihesabiwa kuwa na watu 605,576 katika kilomita za mraba zipatazo 900. Ardhi yote ingegawanywa sawasawa, jamaa ya watu watano ingepata chini ya ekari mbili, mito, barabara na shule zikiwemo! Lakini la kushangaza zaidi ni kwamba mwaka 2009 walikuwa 598,252. Kwa miaka kumi waliongezeka 7,300 hivi, hali Kenya nzima iliongezeka karibu milioni tisa.

Ni kweli kwamba akina mama wa sasa huzaa watoto wachache kuliko mama zao. Hata hivyo wengi huondoka. Baada ya Uhuru wa 1963 walioweza walinunua ardhi Borabu, katika mashamba yaliyokuwa ya walowezi wa Kizungu. Vijana wa leo huenda Nairobi na Nakuru kutafuta kazi. Huko ndiko wahesabiwako, ingawa kaburi la babu na kipande cha chai viko nyumbani.

Sheria ya miji ya 2011, ilivyorekebishwa 2019, yataka wakazi 10,000 ili mahali paitwe mji, na 50,000 ili pawe manispaa. Katika nchi ya namna hii, karani ahesabu hadi kilima kipi? Mwenye nusu ekari nyuma ya maduka ana haki ya kuuliza, kwa kuwa shamba likiisha kuitwa kiwanja, kodi yake si ile ile.