Mama Zetu Hawakuzaa Peke Yao

Jumapili moja ibadani, huku Mugeta, mhubiri mgeni alitwambia wanawake wa siku hizi tumedekezwa. Mama zetu, alisema, walikwenda shambani na mimba wakarudi na mtoto mgongoni, bila mtu wa kuwashika mkono. Sisi tunataka kubembelezwa leba. Wanaume walicheka. Wanawake nao walicheka, na hapo ndipo paliponiuma zaidi.

Ni uongo, na nimeusikia tangu utotoni. Mama gani alizaa peke yake? Bibi yangu alizaa mara tisa na kila mara nyumba ilijaa wanawake: mkunga mbele, mama mkwe nyuma akimkanda kiuno, mwingine jikoni na sufuria ya uji. Aliyeshikwa na uchungu shambani akajifungua mwenyewe alipatwa na ajali, na ndiyo maana ilisimuliwa miaka na miaka. Mhubiri ameichukua ajali akaifanya desturi. Na kama anataka Biblia, aifungue. Raheli alipofariki njiani akimzaa Benyamini, mkunga alikuwa naye. Shifra na Pua, wakunga wale wa Misri, wametajwa kwa majina. Farao wao hakutajwa jina.

Upweke ulianzia kwenye mlango wa leba. Tulihimizwa kuzaa kituoni, tukatii, na tulifanya vema: utafiti wa kitaifa wa Tanzania wa 2022 ulikuta wanawake wanane kati ya kumi wanajifungulia vituoni. Ila tulipoingia sisi, shangazi zetu waliachwa nje.

Mtoto wangu wa kwanza nilimzaa kwenye kituo ambacho sitakitaja. Tulikuwa wazazi watano kwa nesi mmoja, naye simlaumu, alikimbia usiku kucha. Shangazi alikaa nje chini ya mti na chupa ya uji mapajani, akinisikia nalia.

Marekani na Ulaya shangazi wa namna hiyo ana jina, dula, na analipwa. Hapimi njia, hatoi dawa, hakati kitovu. Anakukanda mgongo, anakunywesha maji, anakutembeza, anakukumbusha kukojoa, anamwita nesi damu ikizidi, kisha anatoka kuwaeleza ndugu kinachoendelea. Mwaka 2017 wataalamu walijumlisha tafiti kutoka nchi 17, zenye wanawake zaidi ya 15,000: waliokaa na mtu mfululizo, uchungu wao ulikuwa mfupi zaidi na upasuaji ulipungua. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani likapendekeza kila mzazi awe na mtu aliyemchagua mwenyewe. Na asiniambie mtu kwamba haya ni ya Wazungu. Kigoma walijaribu jambo hilohilo, kati ya 2016 na 2018, kwenye vituo tisa vya serikali. Kigoma kuna vituo kama vyetu na manesi wachache kama wetu.

Wapo wanaosema wasindikizaji wataingiza dawa za kienyeji ndani ya kanga. Hoja hii ni ya kitoto. Anayetaka kumnywesha mjamzito dawa humnywesha nyumbani, kabla bodaboda hajafika. Kwa nini angoje leba, mbele ya macho ya nesi? Wengine wanataja faragha ya wazazi wengine. Pazia la kitenge linashonwa kwa fundi yeyote gulioni.

Mama zetu walishikwa mkono. Anayebisha amwulize mama yake mzazi nani alikuwa chumbani siku anazaliwa.

Kulipopambazuka walimruhusu shangazi kuingia. Mtoto alikuwa ameshafungwa kwenye kanga. Hakumtazama kwanza, alinitazama mimi, akaniuliza kama usiku ule mtu alinipa hata maji. Nikamwambia hapana. Akafungua chupa. Uji ulikuwa umepoa.