MAJI YA KIJANI YANA MWENYEWE



Lipo neno linalosemwa kwa wepesi mno kila mara lambo au mto unapobadilika rangi: "Ni ukoga tu." Neno hilo tunalikataa. Linamruhusu kila mtu aondoke mtoni akiwa na mikono safi, isipokuwa yule atakayekunywa maji hayo. Ukoga hauzidi bila kulishwa. Maji yakigeuka kijani yupo aliyeulisha, na mara nyingi anayelisha siye anayekunywa. Hili ni suala la haki, nasi twataka lijadiliwe katika Jumuiya zetu, kuanzia hapa Majengo hadi vijiji vinavyopokea maji yanayotoka kwetu.

1. Ukoga ni nini?

Wataalamu huuita mwani. Si mwani ule wa pwani unaolimwa baharini, bali jamii ya viumbe vidogo vya maji yasiyo ya chumvi, vingi vyao havionekani kwa jicho. Hutumia nuru ya jua kujitengenezea chakula, kama mahindi yafanyavyo shambani. Nao hatuna ugomvi nao. Utelezi wa kijani juu ya mawe ya kijito ni malisho ya konokono na wadudu, na wadudu hao ni chakula cha samaki. Perege naye hula mwani. Mto usio na mwani kabisa ni mto wenye njaa.

Kasoro huanza pale chakula kinapozidi kiasi. Mwani huhitaji hasa naitrojeni na fosforasi, vitu vilevile tunavyovinunua katika mfuko wa mbolea. Vimo pia katika samadi, katika kinyesi cha binadamu, katika baadhi ya sabuni na katika udongo unaosombwa na mvua. Vikiingia kwa wingi katika maji yaliyotulia, chini ya jua kali, mwani huongezeka upesi na kuyafunika maji. Chini yake huwa giza. Ukifa, vijidudu vinavyouozesha hutumia oksijeni iliyomo majini, na samaki hufa kwa kukosa pumzi.

Jambo hili lilithibitishwa zamani. Huko Kanada, mwaka 1973, David Schindler na wenzake waliligawa ziwa dogo katikati kwa pazia. Upande mmoja walitia kaboni na naitrojeni. Upande wa pili walitia hizo hizo pamoja na fosforasi. Upande wenye fosforasi ndio uliofunikwa na ukijani. Wakati huo watengenezaji wa sabuni walikuwa wakishikilia kwamba fosforasi haina hatia. Ziwa liliwajibu. Nasi tukumbuke kwamba anayefaidika na uchafuzi hakosi maelezo.

2. Funzo la Mto Mara

Tutazame kaskazini ya nchi yetu. Mwezi Machi 2022 maji ya Mto Mara yaligeuka meusi, yakanuka, na samaki wakaelea wamekufa. Haukuwa ukoga wa kijani, lakini kanuni ni ile ile: kinachooza majini hula oksijeni. Kamati iliyoundwa na serikali, chini ya Profesa Samwel Manyele, ilieleza kuwa oksijeni ilipungua mno kwa sababu ya kinyesi na mkojo wa ng'ombe pamoja na mimea iliyooza. Wananchi wengi hawakuiamini taarifa hiyo, maana mgodi wa dhahabu uko jirani na mto.

Tuchukulie kwamba kamati ilisema sawa. Je, swali limekwisha? La, hasha. Ng'ombe hakujichagulia njia ya kwenda mtoni. Malisho yake yamepungua kwa uamuzi wa nani? Nani alipaswa kumjengea mfugaji mahali pa kunyweshea mbali na kingo? Nani alikuwa na wajibu wa kuyapima maji kabla samaki hawajaelea? Taarifa inayomtaja ng'ombe na kuishia hapo imemtaja asiyeweza kuhojiwa.

Wapo watakaosema kwamba hata wanyama wa porini huchafua maji. Ni kweli. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba kinyesi cha viboko wa Mto Mara hulundikana katika madimbwi wakati maji ni machache, na mvua ikikisomba, oksijeni huweza kupungua hadi samaki wakafa. Lakini hoja hiyo inawageukia waitoao. Mto uliokwisha kubebeshwa mzigo wake wa asili hauna nafasi ya kubebeshwa na wetu.

3. Na sisi wa Dodoma?

Tusijidanganye kwamba hayo ni ya Mara. Nyanda zetu zina mvua chache na makorongo yanayokauka sehemu kubwa ya mwaka. Mvua ya kwanza inaponyesha, hufagia kwa siku moja takataka za miezi mingi. Maji ya mji wetu hushuka kwa Kinyasungwe Ndogo na kutulia katika Bwawa la Hombolo, lililojengwa mwaka 1957. Kutoka huko mkondo hufuata Kinyasungwe na Mkondoa hadi Mto Wami, na mwisho Bahari ya Hindi. Wapo wanaovua, wanaonywesha mifugo na wanaomwagilia zabibu kwa maji tuliyokwisha kuyatumia sisi.

Mwaka 2012 Dodoma Mjini ilihesabiwa watu 410,956. Mwaka 2022, baada ya serikali kuhamia na mji kufanywa Jiji, walihesabiwa 765,179. Nyumba zimepanda haraka, lakini wengi wetu tungali tunategemea vyoo vya shimo na makaro. Wapo wanaongoja mvua kubwa ili watapishe vyoo vyao gizani. Asubuhi uwanja wao ni safi. Uchafu haukuondoka duniani. Umepelekwa kwa jirani asiyeweza kubisha hodi kwao.

Nabii Ezekieli, katika sura ya 34, aliwakemea kondoo wanono waliokunywa maji safi kisha wakayavuruga kwa miguu yao, wenzao wakabaki kunywa matope. Hatuhitaji maelezo marefu kumtambua kondoo huyo. Anakaa mtaani kwetu, naye pengine hukaa benchi la mbele kanisani.

4. Visingizio viwili

Cha kwanza: "Walio chini wachemshe maji." Kuchemsha huua vimelea vya kipindupindu na homa ya matumbo, nasi twahimiza wote wachemshe. Lakini baadhi ya viumbe wa kijani, wale wa kundi la bakteria wa buluu-kijani, hutoa sumu inayodhuru ini, na sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha. Mwaka 1996, katika mji wa Caruaru nchini Brazil, wagonjwa zaidi ya 50 waliokuwa wakisafishwa damu hospitalini walifariki kwa sababu ya sumu ya namna hiyo iliyokuwamo katika maji.

Cha pili: "Sisi ni maskini, tutaachaje kulima na kufuga?" Hakuna anayedai hivyo. Wenyeji wa Kondoa wanakumbuka mwaka 1979, mifugo ilipoondolewa katika eneo lililomomonyoka. Uoto ulirudi, lakini gharama kubwa ilimwangukia mfugaji. Hatutaki haki ya maji inunuliwe tena kwa jasho la mnyonge peke yake. Twasema tu kwamba samadi ni mali. Ni ajabu kununua mbolea dukani huku tukimwaga mbolea mtoni.

5. Tunachodai

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu, au zinazoweza kudhuru hifadhi, ndani ya mita 60 kutoka kwenye maji. Twadai itekelezwe kwa mwenye jengo kubwa kama inavyotekelezwa kwa mwenye bustani ya mchicha. Twadai maji ya mabwawa yapimwe kwa vipindi vinavyojulikana na matokeo yabandikwe vijijini, kwa Kiswahili kinachoeleweka. Twadai mpango wa majitaka utangulie viwanja vipya, si kuvifuata. Na kwetu wenyewe twadai haya: asitapishe mtu choo, samadi irudi shambani, na kingo za makorongo zipandwe nyasi na miti.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukuta wa maji yaliyoharibika haujengeki kwa mchango wa Jumapili moja.

Maswali kwa Jumuiya:
1. Maji machafu ya mtaa wetu huelekea wapi? Nani huyapokea?
2. Ni nani kati yetu anayenufaika kwa kutouliza swali hilo?
3. Kabla ya mvua zijazo, tutamwendea kiongozi gani, na tutamwambia nini?