Safari ya Mgonjwa Haipimwi kwa Tiketi

Kutoka uwanja wa ndege wa Dar es Salaam hadi ule wa Mumbai ni kilomita zipatazo 4,700, na ndege isiyotua njiani huzikata kwa muda wa takriban saa sita. Ndiyo njia ambayo kwa miaka mingi imepitiwa na Watanzania wanaofuata matibabu nchini India. Ndugu huufariji moyo wa mgonjwa wakimwambia kuwa ni usingizi mmoja tu, akiamka amefika.

Hesabu hiyo ina kasoro: huanzia uwanjani, ilhali mgonjwa huanzia nyumbani. Aliyetoka Kigoma kwa gari moshi amekwisha kusafiri zaidi ya kilomita 1,200 kabla hajaiona ndege. Akifika uwanjani, hungoja tena kwa saa kadhaa. Anapofunga mkanda, miguu yake imekwisha kukunjwa muda mrefu kuliko safari yote ya angani.

Humo ndani nako hakuna hewa ya pwani. Ndege ikiwa juu, shinikizo la hewa katika kabini hushuka, likawa kama la mahali palipo mita 1,800 hadi 2,400 juu ya usawa wa bahari. Mwenye afya njema huenda asihisi kitu. Mwenye selimundu, upungufu mkubwa wa damu, au ugonjwa wa moyo au mapafu anaweza kuzidiwa. Hewa iliyonaswa kifuani au tumboni baada ya upasuaji hutanuka. Na kukaa kitini zaidi ya saa nne huongeza hatari ya damu kuganda katika mishipa ya miguu. Bonge hilo likisafiri hadi mapafuni, laweza kuua.

Kwa hiyo barua ya rufaa isiyotaja safari haijakamilika. Daktari anayeiandika hana budi kupima kiwango cha oksijeni na wingi wa damu, kuuliza mgonjwa atafikaje uwanjani, na kueleza iwapo atahitaji oksijeni au kiti cha magurudumu, ili shirika la ndege liarifiwe mapema. Dawa zake, insulini ikiwemo, zikae katika mzigo wa mkononi.

Yupo atakayesema kwamba huku ni kumwongezea vikwazo mtu ambaye muda wake ni mfupi. La hasha. Vipimo hivyo huchukua muda mfupi, na mgonjwa anayezidiwa juu ya bahari hana wodi ya kukimbilia.

Linalosahauliwa zaidi ni kurudi. Mgonjwa hurejea akiwa na kidonda cha upasuaji, wakati ambapo hatari ya damu kuganda imeongezeka, na daktari wa Mumbai huenda asijue kwamba baada ya ndege ipo reli. Mgonjwa na amweleze safari yote, hadi mlangoni kwake, kabla ya kukubali tarehe ya kuondoka.