Pampu Haikufa, Tuliizika Ikiwa Hai

Wasomaji wangu, nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa. Sijaacha kuandika programu. Nimekuwa karakanani hapa Satellite, mikono imejaa oili, na leo nina neno na wale wanaouza vifaa vya maabara zetu kwa kilo.

Nilinunua mashine ya ombwe kwa muuza vyuma chakavu. Ombwe ni hali ya chombo kutolewa hewa yote, au karibu yote. Mashine ilikuwa bado na nambari ya mali ya taasisi moja ya umma, ambayo sitaitaja. Walikuwa wameiandika "mbovu". Muuzaji alikuwa tayari kuikatakata, maana alichoona yeye ni shaba na chuma cha pua tu.

Haya, mbovu kivipi? Nikamwita jirani yangu, mzee fundi wa friji. Mimi nina digrii ya sayansi ya tarakilishi, yeye hana cheti chochote. Akaitazama, akacheka: "Kijana, hii ni kazi yangu ya kila siku. Kabla ya kujaza gesi kwenye friji, si lazima nivute hewa kwanza?"

Pampu ya kwanza, ile inayozunguka, oili yake ilikuwa nyeusi kama lami. Tukaibadilisha. Hewa ya Nairobi ina shinikizo la kama milibari 820, na pampu kama hii ikiwa nzima huweza kulishusha hadi karibu na sehemu moja ya elfu ya milibari. Yetu ilikwama kwenye 2. Kwenye friji, mzee hutafuta tundu kwa povu la sabuni. Lakini hapa hewa inaingia, haitoki! Basi tukapaka spiriti kila kiungo, pole pole, bila moto karibu, huku tukiangalia geji. Tulipofika mlangoni, mshale ukaruka. Pete ya mpira ilikuwa imepasuka.

Pampu ya pili, ya difyusheni, haina hata kipande kimoja kinachozunguka. Huchemsha oili maalum, mvuke wake husukuma molekuli za hewa kuelekea chini, kisha maji ya kupoza huurudisha mvuke kuwa oili. Waya wa hita ulikuwa umekatika. Tukaunga.

Usiku wa tatu tulishuka chini ya sehemu moja ya laki moja ya milibari. Tukayeyusha kipande cha alumini mle ndani, na kioo cha dirisha kikageuka kioo cha kujitazamia. Mimi na mzee tukajiona humo, tumechoka, tunacheka.

Pete ya mpira, oili na waya. Huo ndio "ubovu" wenyewe!

Sheria ya ununuzi na uuzaji wa mali ya umma ya mwaka 2015 inaruhusu mali isiyohitajika kuhamishiwa taasisi nyingine ya umma, hata bila malipo. Kwa nini basi tunakimbilia mnada? Nadhani ni kwa sababu kilo ni rahisi kuandika kwenye karatasi kuliko uwezo wa mashine.

Kuna watakaosema tununue mpya. Sawa, pete ya mpya nayo itapasuka, halafu? Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 uliangalia orodha za vifaa vya hospitali kutoka nchi 16, ukakuta karibu asilimia 40 havifanyi kazi. Miongoni mwa sababu zilizotajwa ni uhaba wa mafunzo na usimamizi. Upya wa mashine hautibu hayo.

Nanyi wenzangu wa programu, msijifanye hayawahusu. Kila chipu iliyo ndani ya simu yako imepitia kwenye ombwe. Tunajisifu kwa teknolojia huku mashine za kufundishia msingi wake zikienda kuyeyushwa.

Ninadai mambo matatu. Kwanza, mashine ya maabara isiuzwe kabla fundi hajaiwasha na kuipima. Pili, kijitabu chake cha maelezo kiandamane nayo. Tatu, vyuo vya ufundi viulizwe kabla ya muuza vyuma.

Karakana yetu iko wazi kila Jumamosi. Ukija, mzee utamkuta. Lete spiriti.