Mafuta ya Nazi, Choroko na Kiporo: Kujitunza Muhula wa Baridi

Safu yetu imerudi katika ule muhula ambao jua la Uingereza huzama saa kumi jioni, redieta huwaka mchana kutwa, na viwiko hupauka hata ukipitisha ukucha unaacha mstari kama wa chaki. Maswali mliyotuletea tangu toleo lililopita ni mengi, lakini yote yanarudi kwenye mawili: tupake nini, na tule nini wakati insha tatu zinasubiri? Leo tunayajibu yote mawili, na tunaongeza onyo moja ambalo hatukuulizwa.

Kwanza, ngozi

Hewa ya baridi hubeba unyevu kidogo, na redieta huikausha zaidi. Ngozi hupoteza maji kila saa. Wengi wetu hudhani mafuta huiongezea ngozi maji, kumbe kazi yake kubwa ni kuyazuia yaliyomo yasitoroke. Kwa hiyo wakati wa kupaka una maana kuliko bei ya kopo. Oga kwa maji ya vuguvugu, usikae humo nusu saa, jifute kwa kugusagusa tu na taulo, kisha paka mafuta ngozi ikiwa bado na unyevu.

Mafuta ya nazi yanatosha kwa wengi. Yakiganda chumbani usiyatupe, hayajaharibika: huyeyuka kwenye nyuzi joto 24 hivi, na vyumba vyetu vya bweni havifiki huko. Chota kidogo, sugua viganjani, yatalainika. Wenye chunusi wasiyapake usoni, kwani huweza kuziba vitundu vya ngozi.

Kwa miguu na mikono iliyopasuka, siagi ya shea ni nzito na hukaa zaidi. Wengi huijua kuwa ya Afrika Magharibi, lakini mti wake humea pia kaskazini mwa Uganda, na siagi ya huko ni laini zaidi. Mchanganyiko wetu ni huu: vijiko 4 vya siagi ya shea na vijiko 2 vya mafuta ya nazi. Viweke kwenye bakuli, bakuli juu ya sufuria ya maji ya moto, koroga mpaka viyeyuke, acha vipoe, tia kwenye kopo kavu lenye kifuniko. Kwa kuwa hamna maji ndani, havioti ukungu upesi, mradi usitumbukize vidole vilivyolowa.

Kusugua magoti na visigino, changanya vijiko 2 vya sukari na kijiko 1 cha mafuta, kiasi cha siku hiyo tu. Usoni usitumie, na ukimaliza osha sakafu ya bafu, maana huteleza na wenzio wanaingia baada yako.

Wanaotoka pwani watatuuliza, na liwa je? Liwa ina heshima yake: kipande cha msandali husuguliwa juu ya jiwe kwa matone ya marashi ya waridi, na uji wake hupakwa mwilini. Ukipata unga wa liwa, jaribu kwanza kidogo upande wa ndani wa mkono, usubiri siku nzima. Jaribio hilo ni la kila kitu kipya, hata kama bibi yako alikitumia maisha yake yote.

Si kila cha nyumbani ni salama

Hapa ndipo penye onyo. Maneno "asilia" na "cha nyumbani" yana utamu, na wapo wanaoutumia utamu huo kuuza mkorogo. Huja katika kopo lisilo na lebo, kwa mkono wa rafiki wa rafiki, kwa ahadi kwamba utang'aa kabla ya harusi ya dada. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Ndani ya mkorogo mara nyingi mna haidrokwinoni, steroidi kali au zebaki. Hapa Uingereza viwili vya kwanza haviruhusiwi bila cheti cha daktari, na zebaki imepigwa marufuku katika vipodozi vya kuchubua ngozi. Sababu zipo: zebaki hudhuru figo na mishipa ya fahamu, na humfikia hata mtoto aliye tumboni. Steroidi huifanya ngozi iwe nyembamba. Penye lebo, soma. Ukiona maneno kama mercury, mercuric au calomel, usifungue. Pasipo na lebo, hiyo peke yake ni sababu ya kukataa. Anayetumia tayari asione haya: aende kwa daktari na kopo lenyewe, kwa kuwa kuacha ghafla dawa yenye steroidi nako huweza kuleta matatizo.

Na tuseme wazi, kwa kuwa klabu hii ni ya marafiki: anayekwambia weupe ndio uzuri hakuonei huruma ngozi yako. Usimlipe.

Mawili madogo. Usipake ndimu au limau usoni. Maji yake yakikutana na jua huweza kuunguza ngozi na kuacha madoa ya muda mrefu. Na piko nyeusi isichorwe mikononi, kwani mara nyingi ni dawa ya nywele yenye kemikali inayoweza kutoa malengelenge. Hina halisi huacha rangi ya kahawia au nyekundu.

Pili, sahani

Mwili haujengwi kwa matofali, hujengwa kwa chakula. Chakula chetu kinapatikana hapa, ila kimebadili jina. Katika maduka ya Wahindi, choroko ni moong, ulezi ni ragi, mbaazi ni toor. Katika maduka ya watu wa Karibi, mbaazi huitwa gungo peas, na mchicha mara nyingi ni callaloo. Kunde zipo kila duka kubwa kwa jina la black-eyed beans.

Kwa mwenye haraka, choroko ndiyo rafiki: hazihitaji kulowekwa usiku. Chemsha kikombe kimoja mpaka ziive, kaanga kitunguu, nyanya na manjano, changanya, tia tui la kopo. Sufuria moja ni milo mitatu. Maharage mekundu makavu yana masharti: yaloweke angalau saa 5, mwaga maji hayo, kisha yachemke kwa nguvu dakika 10 kabla ya kupunguza moto. Yasipochemka hivyo yana sumu inayotapisha, na sufuria ya umeme ya moto mdogo haitoshi kuiondoa. Ya kopo yameshaiva.

Dagaa wa kwetu wakikosekana, dagaa wa kopo, yaani sardines, wanafaa. Kula na miba yao laini, ndiyo yenye kalisi. Asubuhi, uji wa ulezi huiva kwa dakika chache na una kalisi pia.

Chai tunaipenda, lakini ikinywewa pamoja na chakula hupunguza madini ya chuma ambayo mwili huyapata kwenye choroko na mchicha. Isubiri saa moja. Kamulia ndimu kwenye mchuzi badala yake, maana vitamini C husaidia chuma kuingia. Ndimu ni ya sahani, si ya uso!

Kiporo cha wali nacho kina sheria: kipoze na kukiweka kwenye friji ndani ya saa moja, kile kesho yake, na kipashe moto mpaka kitoe mvuke. Wali uliolala juu ya jiko usiku kucha huota vijidudu ambavyo sumu yake haifi kwa kupashwa moto.

Mwisho, jua. Serikali ya Uingereza inashauri kila mtu afikirie kutumia mikrogramu 10 za vitamini D kwa siku kuanzia vuli hadi mwisho wa baridi, na wenye ngozi nyeusi mwaka mzima. Vidonge vyake ni bei nafuu, na hakuna mafuta ya kupaka yanayovishinda.

Toleo lijalo tutazungumzia nywele. Tuleteeni majina ya viungo mnavyoviita kwenu, iwe Lamu, Bujumbura au Goma. Hadi hapo, pakeni mafuta, kuleni, someni.